Zamu Yangu ya Kuchagua

Niliposema "ziwani," wote watatu waliacha kutafuna.

Tulikuwa jikoni kwa Keki, ghorofa moja juu ya chumba changu, madirisha yamefunikwa na mvuke wa oveni. Keki alioka keki za harusi na za kuzaliwa kwa ajili ya watu wengine, na vile vipande vya pembeni vinavyokatwa ili keki ikae sawa ndivyo vilivyokuwa chakula chetu. Mfupi alikuwa ameegemea friji. Ni mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, ndiyo maana wakamwita Mfupi, na anaendesha gari la kusambaza mikate. Fundi alikuwa amekaa karibu yangu, goti lake likigusa langu chini ya meza. Yeye ni fundi wa lifti, na wakati huo nilikuwa nampenda kiasi cha kujishangaa.

Kila Jumamosi tulitoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya jikoni lile: mmoja anachagua mahali, wengine wanafuata bila kunung'unika.

"Mji huu una mambo," Keki aliniambia nilipohamia. "Anayekaa ndani Jumamosi ama ni mgonjwa ama anatafutwa na polisi."

Basi wakanitembeza. Tuliteleza kwa viatu vya magurudumu mpaka nikachubuka viwiko. Tulikwenda makumbusho ya wanyama waliokaushwa, Mfupi akapigwa picha na dubu mmoja wakionekana kama ndugu. Fundi alitupandisha kwenye paa la jengo refu kuliko yote, tukala sandwichi juu ya mashine za lifti, mji wote ukiwa chini ya miguu yetu. Kwa mgeni kama mimi, niliyehamishwa na kampuni kuja kukata lenzi za miwani kwenye duka ambamo sikumjua mtu, ilikuwa kama kuokota familia barabarani.

Sasa zamu ilikuwa yangu.

"Ziwa gani?" Mfupi akauliza, kana kwamba mji ule una maziwa kumi.

"Lile la bustani kubwa. Nalipita na basi kila asubuhi. Kuna boti za makasia, nyekundu. Mmenipeleka kila mahali, lile ziwa mnaliruka tu. Au mnaogopa maji?"

Keki alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kama mtu aliyetafsiriwa mzaha.

"Wiki hii kuna baridi," akasema. "Twende tukaviringishe mipira tuangushe vigingi. Au ile sinema ya zamani, wamerudisha viti."

"Aliyechagua amechagua," nikasema. "Si ndiyo kanuni yenu?"

"Fundi," Keki akamwita kwa sauti ya chini. "Mwambie."

Fundi hakuniangalia. Alikuwa akikunja karatasi ya keki, akiikunjua, akiikunja tena.

"Zamu ni yake," akasema. "Twendeni ziwani."

Goti lake lilikuwa limeondoka kwenye langu.

Alinisindikiza hadi mlangoni kwangu, kama kawaida. Kwenye ngazi taa moja ilikuwa imeungua, na tulisimama mahali ambapo mwanga wa chini na wa juu haufikiani.

"Unaweza kubadilisha mawazo," akaniambia. "Hakuna atakayekucheka."

"Kwani kuna nini huko?"

"Maji tu."

"Basi tatizo liko wapi?"

Alinyoosha mkono akanishika shavu. Vidole vyake vilinuka grisi kidogo hata baada ya kunawa, na mimi harufu ile nilikwisha kuipenda. Aliniangalia kwa muda mrefu. Sehemu ya kazi yangu ni kupima macho: nikimwekea mteja rula usoni naona mboni zake zinatua wapi, karibu au mbali. Mboni za Fundi hazikuwahi kutua juu yangu sawasawa. Zilitua nyuma yangu kidogo, usawa wa bega, kama vile kuna mtu amesimama pale akisubiri nimalize kuongea. Siku za mwanzo nilidhani anahitaji miwani. Nilimpima. Macho yake yalikuwa mazima.

"Ulale salama, Pacha," akasema, akapanda zake.

Pacha ndilo jina walilonipa. Siku nilipohamia, Keki alinikuta nikipandisha sanduku langu, akaachia trei nzima ya keki ndogo ngazini. Aliniambia nimefanana na mtu anayemjua, kama pacha wake. Nikauliza mtu gani, akasema mtu tu. Tukaokota keki pamoja tukicheka, na jina likabaki.

Mama yangu hakulipenda jina hilo. Wala hakumpenda Fundi, tangu siku alipomwona kwenye simu.

"Huyo mwanaume ana nini?" aliniuliza mara tu Fundi alipotoka mbele ya kamera.

"Hana kitu, mama. Ni fundi wa lifti."

"Sijauliza kazi. Anakuangalia kama mtu anayempokea msafiri stesheni."

"Si ndiyo mapenzi hayo?"

"Mapenzi ni kumwona mtu usiyemjua ukatamani kumjua. Huyu hatamani kukujua. Huyu amekukumbuka." Akasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo. "Mwanangu, hao watu wamekupenda haraka mno. Jiulize walikuwa wanamngoja nani."

Nilimkasirikia siku nzima. Maneno yake yalikuwa yamegusa kitu nilichokuwa nakifunika. Kule kwenye viatu vya magurudumu, dada wa kaunta alinipa saizi yangu kabla sijasema. Makumbusho, mama wa kupokea makoti alinitabasamia akasema, "Umepotea sana, mpenzi." Na Mfupi aliwahi kuropoka kwamba kabla sijaja walikuwa wakinunua tiketi nne na kuweka makoti kwenye kiti cha nne. "Ili tukae kwa nafasi," Keki akadakia upesi.

Jumamosi ilifika na mawingu mazito. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Keki aliniona nimevaa blauzi nyepesi, akaniletea sweta la kijivu alilozoea kuniazima. Njiani hakuna aliyefungulia redio. Gari lilinuka mikate ya asubuhi, na mikono ya Mfupi ilikuwa imekaza usukani kama anaendesha kwenye utelezi.

Kwenye geti la bustani walianza kuchelewa. Mfupi akainama kukagua tairi lisilo na tatizo. Keki akasema anatafuta simu, nayo ilikuwa mkononi. Fundi alisimama tu. Nikawaambia nitatangulia.

Bustani ilikuwa karibu tupu. Kibanda cha aiskrimu kimefungwa, viti vina maji. Ziwa lilikuwa la rangi ile ile ya mawingu, limetulia kiasi kwamba bata mmoja aliyekuwa mbali alionekana amebandikwa. Kwenye gati dogo la mbao, boti nyekundu zilifungwa kwa mstari, na mzee aliyevaa buti za mpira, filimbi shingoni, alikuwa ndani ya mojawapo akichota maji ya mvua kwa dumu lililokatwa.

"Shikamoo, mzee. Tunataka boti ya watu wanne."

Aliinua kichwa. Lile dumu likamponyoka, likagonga ubao.

"Nani kakuleta?" akauliza.

"Nimekuja na wenzangu, wako getini."

"Wewe si nilikutoa mwenyewe?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Nilikutoa kwa mikono hii. Nikakulaza hapo."

Alionyesha mbao zilizo chini ya viatu vyangu. Nikajikuta nimesogea pembeni.

"Mzee, umenifananisha."

Alipanda gatini taratibu. Kwanza aliangalia miguu yangu, kama anahakikisha inagusa chini. Kisha mikono. Kisha uso.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Mimi natengeneza miwani," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba. "Nina miezi michache tu mji huu. Sijawahi kufika hapa."

Aliachia pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani.

"Sauti siyo," akasema. "Mungu mkubwa. Sauti siyo yake."

Nyuma yangu mtu alianza kulia. Niligeuka. Keki alikuwa amekaa chini kwenye nyasi zenye maji, mkono mdomoni. Mfupi alisimama juu yake. Fundi alikuwa mbali kidogo, mwanzo kabisa wa gati, viatu vyake havijagusa ubao wa kwanza.

"Alikuwa dada yangu," Keki akasema. "Mkubwa wangu. Yeye ndiye aliyeanzisha hizi Jumamosi. Alizama hapa."

Mfupi alitoa simu, akatafuta, akanipa. Ilikuwa picha ya watu watatu kwenye boti nyekundu, aliyoipiga Mfupi mwenyewe akiwa gatini. Keki akiwa mwembamba kuliko sasa. Fundi akicheka kwa meno yote, kicheko ambacho sikuwahi kukiona. Na katikati yao nilikuwa nimekaa mimi. Nywele zangu, kidevu changu, shingo imepinda upande kama ninavyoipinda nikisikiliza. Nilitafuta tofauti kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nikapata moja: alikuwa na mwanya.

Mkono wa Fundi ulikuwa begani kwake.

"Fundi alikuwa nani wake?" nikauliza.

Mfupi ndiye aliyejibu.

"Mchumba wake."

Nilimrudishia simu. Nikamwendea Keki, nikachuchumaa mbele yake.

"Na hili sweta?"

Nililivua pale pale, baridi ikanipanda mikononi, nikamwekea mapajani. Alilikunja vizuri, halafu akaliinua akalinusa. Sidhani kama alijua namwona.

"Sasa lina harufu yako," akasema, akalia upya. "Nilikuazima sijui hata kwa nini. Nilitaka tu kuona mikono inaingia humo ndani. Sasa lina harufu yako, yake imekwisha."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Niliinuka nikaondoka badala yake.

Fundi alinifuata nyuma ya kibanda cha makasia. Nilimsikia akija na sikugeuka.

"Ulijua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ulipofungua mlango wa jikoni kwa Keki. Si nilitoka mbio? Nikasema kuna mtu amekwama kwenye lifti."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

"Kwa ajili gani?"

"Sitakudanganya. Nilirudi kwa ajili ya uso. Nilitaka kuuona tena, hata kama ni wa mtu mwingine."

Nikageuka. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuwa amejifuta.

"Halafu ukaanza kuongea," akaendelea. "Yeye alikuwa mpole. Wewe ukianza kubishana hata sahani zinatulia. Yeye alipenda kunifuata kazini, apande lifti juu chini kama mtoto. Wewe unaziogopa, unapanda ngazi mpaka paani, na mimi fundi wa lifti niko nyuma yako nahema kama mbwa. Yeye hakuwahi kunicheka. Wewe hunisitiri hata aibu moja. Nakupenda kwa hayo. Naapa, ni kwa hayo."

"Nimekusikia," nikasema. "Unanipenda kwa yale nisiyofanana naye."

"Ndiyo."

"Basi bado yeye ndiye rula, Fundi! Kila nikicheka unanipimia kwake. Hapa nimezidi, hapa nimepungua. Mimi nawawekea watu rula usoni kila siku ya Mungu. Najua mtu anayepimwa anavyokaa. Ndivyo nilivyokaa mbele yako miezi yote hii, nikidhani napendwa."

"Umependwa."

"Mimi? Jina langu halisi uliwahi kulitamka lini?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeondoka."

"Na sasa?"

"Sasa utaondoka," akasema, kwa unyonge wa mtu aliyekwisha kufanya hesabu hiyo nyumbani.

Ningeondoka. Mpaka leo mama ananiuliza kwa nini sikuondoka, basi lilikuwa linapita getini. Lakini nilitazama yale maji, nikatazama watu watatu wasioweza kuyasogelea, na hasira yangu ikageuka ukaidi. Walinitembeza mji mzima ndani ya maisha ya mtu mwingine. Mahali hapa nilipachagua mimi. Na nilitaka kujua jambo moja: akikaa mbele yangu pale pale, ataona nani?

"Zamu bado ni yangu," nikasema. "Nataka boti. Mimi na wewe."

Mzee alikataa kata kata. "Huyu kijana nilimwambia asikanyage tena gati hili."

"Mzee, mkatalie yeye. Mimi utanikatalia kwa kosa gani?"

Alinitazama, akamtazama Fundi, akaingia kibandani akatoka na majaketi mawili ya kuelea. Alinifunga langu mwenyewe, akavuta kila kamba, akarudia kuivuta.

"Siku hizi ni lazima," akanong'ona. "Siku ile haikuwa lazima."

Fundi alikanyaga ubao wa kwanza kama mtu anayekanyaga barafu. Akafika. Akaingia kwenye boti, akakaa katikati, akashika makasia. Mimi nilikaa mbele yake, tukielekeana, na nyuma yangu benchi la mwisho likabaki tupu.

Alipiga makasia. Sauti ilikuwa ya mbao kukwaruza chuma na maji kudondoka, basi. Keki na Mfupi walipungua wakawa vidoa viwili gatini. Katikati ya ziwa aliacha, na boti ikaendelea kidogo, ikasimama.

"Ni hapa?" nikauliza.

"Hapa, au hapo. Maji hayana alama." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Alitaka abadilishane nafasi na mdogo wake ili wapigwe picha nyingine. Wote wawili wakasimama. Boti ikapinduka kabla hawajamaliza kucheka."

"Wewe unajua kuogelea."

"Najua. Keki alikuwa karibu, kama kutoka hapa nilipo hadi hapo ulipo. Dada yake alikuwa mbali kidogo. Nikamkamata Keki. Alinipiga, alinikwaruza, akapiga kelele, 'Mchukue dada kwanza! Mchukue dada!' Nami nikamvuta Keki, kwa sababu ndiye niliyekuwa nimemshika. Nilipogeuka, maji yalikuwa yametulia hivi. Kama hivi hivi."

"Mliwahi kuongea juu ya hilo? Wewe na Keki?"

"Hata siku moja. Kila Jumamosi tunatoka. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka. Tunakaa kwenye vichekesho na hatucheki, tunaangalia kile kiti cha nne. Ulipokuja..."

Hapo ndipo boti ilipozama kidogo upande wa nyuma yangu.

Haikuyumba. Ilishuka tu, taratibu, kama inavyoshuka mtu mwingine anapokaa vizuri.

"Umesogea?" Fundi akauliza.

"Sijasogea."

Hapakuwa na upepo wala wimbi. Baridi ilinigusa shingoni pale ambapo sweta lilikuwa likinifunika. Nilitaka kumtazama ili nione anachokiona, nikamtazama machoni kama ninavyomtazama mteja. Na mboni zake zilikuwa zimetua. Zilikuwa juu yangu, juu ya uso wangu hasa, hazikwenda begani wala nyuma. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananiona mimi. Sasa mimi ndiye niliyeogopa kugeuka.

"Turudi," nikasema.

Alivuta makasia. Boti ikasogea kidogo tu.

"Yamekuwa mazito," akasema. Kasia moja likamponyoka likabaki linaning'inia kwenye chuma chake. "Siwezi. Siwezi, kaa hapo hapo, usisimame. Tafadhali, usisimame!"

Sikusimama. Nilipiga magoti kwenye maji yaliyotuama ndani ya boti nikatambaa hadi kwake, nikajigeuza nikakaa ubavuni mwake. Sasa benchi lile lilikuwa mbele yangu. Lilikuwa tupu. Nilitazama mara moja tu.

"Nipe hilo moja," nikasema.

"Hujui kupiga."

"Nawe umeshindwa. Tutakuwa sawa."

Tukaanza. Mimi nilivuta wakati yeye anasukuma, boti ikazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, makasia yakitumwagia maji. Nikamwambia afuate mimi, akasema mimi ndiye ninayepaswa kumfuata yeye, nikamuuliza kati yetu nani amekaa hapa akilia. Na ghafla akacheka. Kilikuwa ni kile kicheko cha meno yote, kikatoka pamoja na kilio, na bega lake likagonga langu mpaka tukapata mwendo mmoja.

"Usiniite tena Pacha," nikasema.

"Sijakuita." Kisha akanitaja kwa jina langu, lile nililopewa na mama, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

Tulivuta kwa muda. Nyuma ya boti bado palikuwa chini.

"Nikikaa na wewe," nikasema, "tutakwenda wapi? Mji huu wote umeutembea naye."

"Sijui."

"Kwa mama yangu hamkuwahi kufika."

Akageuka. "Mama yako hanipendi."

"Hakupendi hata chembe. Ndiyo maana nataka uende. Uende peke yako, mimi nisiwepo. Ukamwambie yote, la gatini na la hapa katikati, usimfiche kitu. Akikukubali, tuonane."

"Akinikataa?"

"Basi utakuwa umekataliwa wewe, na mimi nitakuwa nimenyimwa wewe. Hiyo naweza kuilia. Kulilia kitu ambacho hakikuwa changu siwezi."

Alivuta kasia kwa nguvu zaidi.

Gatini Keki alikuwa amesimama ukingoni kabisa, sweta kifuani. Mfupi amemshika mkono. Mzee aliidaka kamba, akaivuta boti ikagusa mbao, akaninyooshea mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha moto. Nikapanda. Akamnyooshea Fundi. Fundi akapanda.

Mkono ukabaki pale pale. Umenyooshwa juu ya boti, kiganja wazi, ukimsubiri mwingine. Mzee mwenyewe alikuwa akiutazama kama si wake, midomo ikimcheza.

Kisha Keki alijichomoa mkononi mwa Mfupi, akapiga magoti ukingoni.

"Si wewe uliyekosea, wala si Fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili. "Nilikuwa karibu, ndiyo hivyo tu. Nimekuonea wivu kwa kufa kwako, na nimechoka kutembea kila Jumamosi." Akafuta pua kwa kiganja. "Shuka, dada. Twende nyumbani."

Boti ikainuka kidogo kwenye maji upande wa nyuma, ikatulia sawa. Mzee akarudisha mkono wake, akaufuta kwenye suruali, akafunga kamba.

Kwenye geti Mfupi alifungua milango ya gari, akaniuliza kwa sauti iliyopasuka kama nataka joto liwashwe. Fundi hakupanda.

"Mimi naelekea stesheni," akasema.

"Stesheni? Sasa hivi?" Mfupi akashangaa. "Hivyo ulivyolowa?"

"Kuna basi la jioni." Akanigeukia. "Mama yako, habari mbaya anapenda kuzipokea amekaa au amesimama?"

"Amesimama," nikasema. "Akikaa atakulisha kwanza, na ukishiba hutasema."

Aliitikia kwa kichwa, kwa dhati, kama nimempa maelekezo ya mashine. Alitaka kunishika shavu, akaona bora asinishike. Akavuka barabara, mikono mifukoni, koti lililolowa limemganda mgongoni.

Keki alinisogelea akanivalisha lile sweta kichwani kama mtoto, nami nikaacha anivalishe. Tukasimama pamoja tukimwangalia. Njia ilikuwa ndefu na nyoofu, taa za maduka zikianza kuwaka pande zote mbili, na hakugeuka nyuma. Nilimtazama mpaka nilipohakikisha. Tangu nimfahamu mtu yule, ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitembea peke yake.